Kahawa Niliyoimaliza Nikimngoja Ferdinandi

Mimi sina elimu ya kutunga. Niliishia darasa la pili, na mtu wa darasa la pili husema alichokiona. Anayebisha aje kwangu Kaisho, kikapu chenyewe bado ninacho.

Mume wangu Ferdinandi alikwenda na wanamgambo kwenye vita ya Amini. Vita ikaisha, wenzake wakaanza kurudi. Shemeji yangu Pastori alipofika akaniambia, "Shemeji, Ferdinandi yuko njiani. Siku yoyote utamwona." Basi nikaanza kungoja. Lakini nilikuwa na usingizi mzito. Mama mkwe alizoea kusema nyumba inaweza kuungua mimi nikageukia upande wa pili. Na mlango siku hizo tuliuzuia kwa gogo, woga wa vita. Je, akigonga nisisikie?

Nikachukua kikapu cha kahawa. Si ya kunywa. Ni ile tunayoichuma mbichi, tukaichemsha na majani ya kunukia, tukaikausha, tukaitafuna. Kwetu inaitwa akamwani. Mgeni akiingia, kabla ya maji, kabla ya habari, anapewa hiyo. Usipompa, umemwambia hana kiti kwako. Na inafukuza usingizi, niamini. Punje tatu zinatosha mzee kukesha msibani. Mimi nilitafuna kwa viganja.

Siku ya kwanza nilipalilia maharage yote nikiimba. Siku ya tatu mikono ikatetemeka, moyo ukapiga kama mtu anayetwanga. Nikasikia migomba inaniita jina. Jirani yangu Anastela akanicheka: "Mama Yustina, unacheua kama mbuzi! Mumeo akikukuta na macho hayo atarudi vitani."

"Wewe wako yumo ndani, nyamaza," nikamjibu, nikaendelea kutafuna.

Alfajiri ya siku ya tano, ukungu umelala migombani, nikatoka kwenda kuchota maji. Ferdinandi alikuwa amesimama uani. Shati lile lile la kijani alilokwenda nalo vitani, kola niliyoishona mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, yeye mkavu. Ungefanya nini wewe? Sikupiga kelele. Nilipiga goti nikamsalimu mume wangu.

Akasema, "Mama Yustina, nimetoka mbali. Nipe akamwani nikae."

Nikafungua kikapu, maana siku hizo kilikuwa hakinitoki kwapani. Hakikuwa na hata punje moja.

"Subiri, baba Yustina, subiri kidogo tu!" Nikakiacha kikapu wazi pale chini, nikakimbia kwa Anastela kichwa wazi kama mwendawazimu. Niliporudi na kiganja kimejaa, ua ulikuwa mtupu. Kwenye tope zilikuwapo nyayo zangu tu. Lakini kikapu kilikuwa juu ya kigoda alichozoea kukalia Ferdinandi pale uani, kimefunikwa vizuri. Nani alikifunika?

Jioni ile Pastori akaja analia. Alijua tangu mwanzo. Alimzika kaka yake kwa mikono yake huko Uganda, akashindwa kuniambia. Mganga wa zahanati, Bwana Wiliamu, akasema siku nne bila kulala, na kahawa nyingi vile, akili huanza kuona inachokitamani. Huenda. Yeye hakukiona kikapu.

Miezi mingi moyo ulinidunda bila sababu, nikaogopa hata kuku. Ule usingizi mzito haukurudi tena; hadi leo nalala vipande vipande. Na katika kila kipande namwota yuko uani, anaomba, nami nakimbia kwa Anastela. Sijawahi kurudi nikamkuta.

Sasa mjukuu wangu Edigari, anayeendesha bodaboda kule Nkwenda, anakunywa vile vya makopo vya kuongeza nguvu, vinne kwa siku. Nikimsema ananiambia, "Bibi, wanaolala ndio maskini." Juzi akaniuliza ni nani yule amesimama mlangoni nyuma yangu. Nikageuka haraka, jamani, haraka kuliko umri wangu. Hapakuwa na mtu. Nikamshika Edigari mkono. Ulikuwa unatetemeka kama wangu wa siku zile.

Laleni, wajukuu zangu. Anayekuja akiwa mzima atagonga mpaka uamke. Na akija yule asiyegonga, heri akukute na kitu kikapuni.