Simbilisi wa Darasa la Nne

Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu Hermelinda alikula kila alichopewa kijijini, bila kinyaa, mpaka siku walipokuja wakufunzi kutoka Lima, mji mkuu.

Walikuja kuwafunza walimu waache kukaririsha, ili watoto wajifunze kwa kazi ya mikono yao. Hermelinda alikuwa ameshaanza. Darasa lake lilifuga simbilisi tisa, wanyama wadogo kama sungura wanaoliwa kijijini, likawapima uzito kila Jumatatu na kuandika yote daftarini. Mchana ule watoto wangewaonyesha wageni.

Saa saba mkuu wa shule, don Fortunato, akawakaribisha wageni mezani. Simbilisi wa kukaanga walilala juu ya viazi, meno nje. Hermelinda akawahesabu. Tisa.

"Don Fortunato, hawa si wa watoto?"

"Mgeni halishwi viazi vitupu, mwalimu. Unataka watuseme?"

Mkufunzi mmoja alilamba mafuta vidoleni. "Haya, mwalimu, tuonyeshe hiyo kazi ya darasa lako."

"Si hiyo unaitafuna?"

Don Fortunato akacheka peke yake. Hermelinda akaisukuma sahani, akatoka. Watoto walikuwa wamejipanga mlangoni na daftari lao.