Waliokaa Chini ya Bwawa

Mzee Masunga alikuwa na wivu na lile bwawa utadhani amelioa. Lilijengwa kijijini kwao, nje kidogo ya Bariadi, kushika mafuriko yaliyokuwa yakizoa pamba za watu kila masika, naye akachaguliwa kuwa mlinzi. Ng'ombe akikanyaga tuta, mwenye ng'ombe ana kesi. Na mtoto ateleze pale kwa kucheza, weee! Matusi yalisikika mpaka kijiji cha Migato.

Lakini alikuwa amefiwa na mke, na upweke ulimtafuna. Binti yake wa pekee, Minza, aliolewa mbali, Lingeka. Basi mzee akaanza kumbembeleza mkwewe, Luhende, ahamie bondeni chini ya bwawa, kwenye udongo mweusi wa mpunga.

"Baba, mkwe kukaa ukweni? Watanicheka," Luhende alisema, macho chini.

"Wacha wacheke. Wewe utakuwa unakula wali."

Wakahamia. Wakajenga, wakazungushia ua wa minyaa, wakalima majaluba ya mpunga, na wajukuu wakawa wanashinda kwa babu. Hiyo ndiyo miaka mizuri ya Masunga. Kisha Luhende akaugua tumbo, akafa, wakamzika nyuma ya nyumba yake.

Mwaka huu akaja injinia wa mabwawa, dada mmoja anaitwa Nancy. Alitembea juu ya tuta lote, akachungulia mkondo wa kutolea maji yakizidi, akasifu. Mzee kichwa kikavimba. Ndipo Nancy akageuka, akaona mabati ya Minza kule bondeni.

"Ile nyumba ilikuwepo bwawa linajengwa?"

"Haikuwepo. Niliwaita mimi," Masunga akajibu kwa majivuno, masikini.

Nancy akamweleza polepole. Kila bwawa hupangiwa daraja la hatari, na daraja hilo halitokani na uzuri wa tuta. Linatokana na watakaokufa siku likipasuka. Zamani chini palikuwa na mashamba tu, bwawa likawekwa daraja la chini. Sasa kuna watu wanalala pale, limepanda hadi la juu kabisa, na tuta lile halikujengwa kwa hatari hiyo. Kabla ya masika, ama bwawa liachwe wazi lisishike maji tena na kijiji kirudie mafuriko, ama Minza ahame.

"Lakini mimi nalilinda vizuri!"

"Najua, baba. Mvua kubwa haijui hilo."

Masunga akamsihi binti yake ahamie kwake, kule juu. Minza akakataa. Watoto ni wa Luhende, alisema, wakakae na ndugu za baba yao kule Lingeka. Aling'oa mabati, akafunga vyombo, akaenda kusimama kaburini.

"Baba, wewe ndiye uliyemtoa kwao. Sasa nani atamfagilia?"

Mzee alijuta, jamani. Alijuta kumwita, akajuta zaidi kwamba kijana wa watu alikuwa amesita na yeye hakumsikiliza. Gari lilipoondoka na wajukuu alibaki barabarani mpaka vumbi likatua.

Baadaye Nancy alirudi, akaangalia bondeni. Minyaa ilikuwa bado imesimama, imezunguka uwanja mtupu.

"Hongera, mzee. Bwawa lako limerudi daraja la chini. Hakuna mtu tena kule."

"Yupo mkwe wangu."

Nancy akaliona kaburi nyuma ya uwanja. "Waliokufa hatuwahesabu, baba."

Masunga alichukua ufagio aliokuwa akifagilia tuta, akateremka nao bondeni.