Samaki wa Lyle Niliyemwachia Mimi

Nimewahi kuachia mtoni samaki mwenye urefu wa mtoto wa darasa la pili. Hakuwa wangu. Mwenyewe alikuwa kando yangu anapiga kelele.

Naitwa Marlys. Navua maski Mto Chippewa, Wisconsin, Marekani. Maski ni samaki mrefu mwenye meno kama ya mbwa, na ukimpata mmoja kwa msimu unashukuru.

Novemba, maji yakipoa, hujikusanya kwenye mashimo ya kina. Wengi wanakuwa wameshapandisha boti nchi kavu. Mimi nilijifunza peke yangu kuwafuata huko.

Unashusha chambo kizito cha madini ya risasi, wima mpaka kiguse chini. Unakiinua taratibu, halafu unakisindikiza kikishuka, mshipi umenyooka. Maski hupiga chambo kikiwa kinashuka. Mshipi ukilegea, hutajua hata kama alikuja.

Nilimfundisha Lyle, mwenzangu wa klabu ya wavuvi, ndani ya boti yangu.

Mwaka uliofuata nikamkuta klabuni anawafundisha watu "Mbinu ya Lyle." Nikanyoosha mkono.

"Dada Marlys, maswali baadaye, sawa?"

Watu wakacheka. Nikashusha mkono, ila sikusahau.

Klabu ikamwambia alete maski wa inchi hamsini kwa mbinu hiyo, jina lake lichongwe ukutani. Masharti yalikuwa mawili: shahidi, na picha ya samaki juu ya rula.

Tangu siku hiyo, alikovua Lyle na mimi nilivua. Naegesha mbali kidogo. Nangoja.

Asubuhi moja ya baridi kali fimbo yake ikapinda.

"Wavu! Marlys, wavu!"

Wa kwake ulikuwa umegandia kwenye barafu, sakafuni mwa boti.

Kwetu mtu akiita wavu, unaacha kila kitu unaenda. Nikaenda. Nikamkinga samaki, nikamwacha majini humo humo ndani ya wavu, nikamlazia rula ubavuni. Inchi hamsini na tatu.

"Mshikilie hapo hapo!" Lyle alikuwa anajipapasa mifukoni. "Natafuta simu!"

Nikachukua koleo. Nikakata ndoana. Nikapindua wavu.

Mkia ulipiga maji mara moja, basi.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Si ndivyo unavyowafundisha? Samaki kwanza, picha baadaye."

Ijumaa klabuni Lyle akasimulia jinsi alivyompata yule maski. Mama Bernadine, mwenyekiti wetu, akauliza shahidi ni nani.

"Marlys alikuwepo! Muulizeni!"

Wote wakanigeukia, vipande vya samaki wa kukaanga bado kwenye uma.

"Nitasema," nikajibu polepole. "Lyle kwanza awaambie nani alimfundisha kuvua hivyo."

"Marlys bwana, usianze..."

"Basi sikuona kitu."

Lyle akajibu kwa sauti ya chini. "Ni yeye. Kwenye boti yake. Kila kitu."

"Sisi wa nyuma hatujasikia!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka kaunta.

Ikabidi arudie.

"Inchi hamsini na tatu," nikasema. "Nilimpima mwenyewe. Lyle hajadanganya."

Akashusha pumzi. Akatabasamu mpaka masikioni.

"Asante, Marlys," akasema Mama Bernadine, kisha akamgeukia Lyle. "Haya, baba. Picha iko wapi?"

Sijawahi kuona tabasamu likiondoka usoni mwa mtu taratibu namna ile.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwibia mtu kazi yake, omba sana usije ukamhitaji awe shahidi wako.