Msimu Chebet Alipogawa Vitu Vyake

Harufu ya kuni mbichi zikifuka moshi ndiyo iliyotuamsha msimu ule wa mvua kule Olenguruone. Ukungu ulikuwa mzito hata tukienda shule tulisikia kengele za ng'ombe kabla ya kuwaona ng'ombe wenyewe. Nilikuwa darasa la saba, na rafiki yangu Chebet, aliyechekesha darasa zima, alikuwa ameanza kugawa vitu vyake. Mdogo wangu alipewa kalamu za rangi. Mimi nikapewa sweta jekundu alilofumiwa na nyanya yake. "Chukua tu. Mimi sitalihitaji," akasema, akacheka. Nilifurahi, kisha nikaogopa, wala sikujua naogopa nini. Mtu anayecheka anaumwa wapi?

Jioni mama alikuwa akikamua ng'ombe aliponiona na sweta lile. Nikamweleza lilikotoka, pamoja na yale maneno ya Chebet. Mikono yake ikasimama. Akajifunga leso, akaniambia nimalizie kukamua, akashika njia kwenda kwa Madam Ruth, mwalimu wetu wa darasa. Asubuhi Madam alimwita Chebet nyuma ya maktaba; Chebet akakataa kwenda bila mimi. Tuliketi kwenye benchi lenye umande. "Chebet, unafikiria kujiua?" Madam akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama umekula. Nilishtuka. Nilidhani neno hilo likitajwa ndipo linapoingia kichwani mwa mtu. Chebet akalia kama mtu aliyetua mzigo. "Hutabaki peke yako," Madam akamwambia. Siku hiyo hiyo, yeye na mamake Chebet wakampeleka hospitali Nakuru.

Kijijini kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema ni laana, yule alisema ni masomo, babake Chebet akasema anajifanya. Mama aliwajibu wote kwa methali moja: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chebet aliporudi alinipita njiani bila salamu. "Kwa nini ulisema?" akaniuliza hatimaye, wiki nyingi baadaye. Sikujua kama nilikuwa nimemwokoa au nimemsaliti, na hakuna mtu mzima aliyenieleza kwamba mambo hayo mawili yanaweza kufanana.

Leo shule ile ina mwalimu wa ushauri, na watoto husema "nimelemewa" bila kunong'ona. Sisi tulikuwa na minong'ono tu. Chebet anashona nguo mjini Nakuru, ana binti, na bado huchekesha watu. Juzi juzi nilimuuliza ilikuwa nini hasa. "Hata mimi sijui vizuri," akasema. "Na kuna siku hali ile bado hunijia. Lakini sasa ikija, nampigia mtu simu." Jumapili iliyopita simu yangu ililia, jina lake likatokea. Nikavuta kiti, nikaketi, nikamsikiliza.