Ufunguo wa Tangi

Mhudumu wa zahanati yetu, huku Newala, huvaa shingoni ufunguo wa tangi la maji ya mvua. Kila asubuhi huligonga tangi kwa kidole, husikiliza maji yamefika wapi, kisha hututimua sisi majirani na ndoo zetu. Hata mganga mfawidhi, bosi wake, alinyimwa maji ya kuoshea pikipiki. Nilimwita mhudumu huyo mchoyo, tena kwa sauti.

Jana bodaboda ilimleta binti mwenye uchungu, bila ile ndoo ya maji ambayo kila anayekuja kujifungua huambiwa aje nayo. Akaanza kuomba radhi.

“Nani kakuuliza ndoo, mwanangu? Ingia.”

Mhudumu akafungua bomba la tangi, akaninyang'anya ndoo yangu tupu, akaijaza bila kumwaga tone.

“Mpelekee,” akaniambia. “Ulidhani nilikuwa namwekea nani?”