Nilitumwa Swali, Nikapeleka Sifa

Haya walimu, salaam aleikum! Nyinyi mlioketi barazani na nyinyi mlioketi juu ya viatu vya wenzenu, sogeeni karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali kama zamani. Nasikia kesho anakuja mheshimiwa wenu wa kura, na nyinyi mna maswali ya kumuuliza: madawati, vitabu, paa la skuli linalovuja. Vyema. Mimi sikusoma. Nilipelekwa chuo cha Kurani, nikaikuta herufi ya alifu imesimama peke yake, nikaionea huruma, nikarudi nyumbani. Lakini kuuliza wakubwa nakujua, maana kazi hiyo niliiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku hiyo naikumbuka kama ya jana. Mwingereza ashaingia Amu, hii Lamu yetu, bendera yake bado haijapauka. Mimi kijana wa miaka ishirini, fundi wa kupaka chokaa kuta za mtaa wa Mkomani, mzuri wa sura kupita kiasi. Mnacheka nini? Mwenye kushuhudia amebaki nani?

Shangazi yangu, Bi Esha, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa Kurani. Mjane, hakuzaa, lakini kila asubuhi dakani kwake, pale penye baraza za mawe mlangoni, walijaa watoto arobaini na mbao zao. Wakianza kusoma kwa pamoja, mwanangu, ng'ombe wa Kililana ng'ambo ya maji waliacha malisho wakasikiliza. Wazazi walimletea samaki, kuni, kibaba cha mtele wa wali, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake.

Ikaja habari kwamba serikali itafungua skuli, na mtoto atakayeingia atakaa huko tangu jua kuchomoza mpaka alasiri. Sasa fikiri, mwanangu. Mtoto akitoka huko alasiri ubongo umekuwa uji. Kurani ataisoma saa ngapi? Bi Esha hakuichukia skuli. Alisema, "Na wasome na hiyo, elimu haina ukuta. Lakini wakinitwalia asubuhi yote, chuo changu kimekufa, na mimi nitabaki dakani nikifundisha paka."

Akatoka Mombasa mkubwa mmoja wa serikali, kuja kukutana na watu kuhusu hiyo skuli. Walimu wanaume wa vyuo walikuwa watano, na wote roho juu kama shangazi. Lakini adabu zao zilikuwa nzito kuliko vilemba vyao. Vipi utamsumbua mgeni kwa swali, naye hajamaliza kahawa? Kila mmoja akamwambia mwenziwe, "Uliza wewe, sheikh," na mwenziwe akajibu, "Haiwezekani, wewe ndiye mkubwa wetu." Wakaenda hivyo tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Mwisho wakaona atafutwe mtu mwenye mdomo. Basi mjini hapa mdomo ulikuwa wangu.

Shangazi akaniita. "Bakari, ndoo hapa, sogea. Utauliza hivi: watoto mwawataka saa ngapi, na sisi mwatuachia saa ngapi? Rudia."

Nikarudia.

"Hivyo hivyo. Usitie chumvi."

"Shangazi, mimi na chumvi wapi na wapi?"

"Wewe ukipewa maji ya kunywa warudisha bahari. Nenda."

Nikenda. Nikasimama mbele ya watu mia tano. Haya, walikuwa sitini. Mwanangu, kutazamwa na watu kuna ulevi wake. Nikaona si vizuri kuanza na swali kavu, ngoja nimlainishe mgeni kidogo. Nikasema, "Bwana mkubwa, tangu tusikie unakuja, Amu haijalala. Hata punda wanalia kwa furaha." Mkalimani akatafsiri, mkubwa akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniponza. Nikasema kuku waliokata kutaga wametaga. Nikasema walimu wetu wamemwombea dua mpaka misala ya kuswalia imetoboka magotini. Akatabasamu tena, meno yote nje, akatoa daftari akaandika, akasimama, akanipa mkono, akashika njia ya pwani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Mwalimu mmoja mkongwe akanivuta kanzu. "Bakari, na swali?"

"Nilikuwa naliendea, mwalimu."

"Basi mwenyewe ameshaondoka. Mkalimani ameniambia alichoandika: walimu wa Amu wameridhika."

Tukenda kwa Bi Esha, mimi mbele, walimu watano nyuma kama wanasindikiza jeneza. Akauliza nyuma ya mlango, "Amesemaje?"

"Amefurahi sana, shangazi."

"Sikukutuma umfurahishe."

Maneno mawili, mwanangu. Mimi nimewahi kupigwa na nahodha kwa mti wa kasia, sikuumia hivyo.

Kisha akasema, "Toeni shiraa."

Nyinyi hamkuiona shiraa. Ilikuwa nguo nene iliyotandazwa juu ya miti kama hema. Bibi wa Mkomani akitoka, yuko ndani, haonekani hata kisigino, na watumwa ndio walioshika miti. Lakini wakati ule watumwa walikuwa wameachwa huru, wana kazi zao. Sheikh mmoja akauliza kwa upole, "Bi Esha, ataibeba nani?"

"Kwani nyinyi mna mikono mingapi?"

Basi walimu watano wenye heshima zao, pamoja na mimi, tukashika miti. Njia nzima watu walitoka milangoni. Mzee mmoja alikula kiapo kwamba ni kiama. Tulipofika ngazi za pwani, mkubwa ana mguu mmoja mashuani, na maji ya bahari yanakupwa kwa kasi. Shiraa ikasimama katikati ya ngazi. Ikanena.

"Salaam aleikum. Mimi ni mwalimu. Watoto mwawataka saa ngapi, na sisi mwatuachia saa ngapi?"

Mkubwa akamtazama mkalimani, akalitazama hema. Akajibu kwamba serikali inawapenda sana watoto.

"Nimeshukuru," ikasema shiraa. "Saa ngapi?"

Akasema jambo hilo linatazamwa.

"Litazameni, twangoja. Saa ngapi?"

Na maji, mwanangu, hayamngojei mkubwa. Mashua ikaanza kugusa tope. Mkubwa akaitazama mashua, akatutazama sisi, akaona hema halina haraka. Akasema, "Haya. Asubuhi yenu. Skuli itaanza baada ya adhuhuri."

"Mkalimani aandike. Kwa herufi zetu za Kurani."

Mkalimani akaandika juu ya goti. Mkono wenye hina ukatoka ndani ya shiraa ukapokea karatasi. Anasoma. Mimi mti umenichubua bega, sheikh wa nyuma anahema kama mvukuto. Kisha sauti ikatoka, tulivu kabisa:

"Hapa umeandika 'huenda'. Lifute."

Likafutwa. Mkubwa akatia sahihi. Skuli ilipofunguliwa ilianza baada ya adhuhuri, na Bi Esha akafundisha asubuhi zake mpaka siku aliyoingia kaburini.

Basi sikilizeni, wanangu. Kesho mpeni mheshimiwa salamu, salamu ni sunna. Mpeni na kiti chenye mto. Lakini swali litoeni mapema, fupi, kila mmoja alielewe hata aliyesinzia. Akilizunguka, msimfuate huko anakozunguka, mngojeni palepale alipoanzia. Akijibu, na liandikwe, na mlisome kabla hajapanda mashua. Sifa wekeni akiba, akishatengeneza paa mtampa zote, hata za kuku. Wala msimtume mtu wa namna yangu, hata akilia machozi. Mungu awape ndimi za adabu na miguu isiyobanduka, awafungulie vichwa watoto mnaowafundisha, na kila mzazi aliyewakabidhi mwanawe asijute. Semeni amina.

Nini? Kama yule mkubwa alikasirika? La, alicheka. Mashua ilipokwisha kusukumwa ikatoka topeni, alimnong'oneza mkalimani sikioni, na mkalimani, kijana wa watu, akajisahau akapiga ukelele pwani nzima ikasikia:

"Bwana asema mara nyingine mwalimu apumzike nyumbani, mumlete yule kijana wa maneno matamu!"