Jiwe Alilolishusha Firmin

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1987, Firmin Castagnol aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa banda la kufulia, akalichomoa jiwe la mafuriko pale lilipokaa miaka mia na kumi na tisa, akalishusha. Kazi yenyewe ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Kuihangaikia kulimla miaka thelathini na miwili.

Nilikuwepo, nikikamua shuka. Firmin nilimwona tangu anazaliwa, maana nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja, na alipolia usiku wake wa kwanza sisi ndio tuliokosa usingizi. Kwa hiyo nikisema jambo juu yake, nalijua.

Mji wetu wa Montarzac umekaa mgongoni mwa kilima, na mto Versoule unauzunguka pande tatu. Juu lipo kanisa na nyumba za waliokuwa na mali. Chini, kwenye kiwiko cha mto, upo Mtaa wa Ngozi, kwa sababu mtengeneza ngozi hawezi kufanya kazi bila maji. Watu wa juu walituambia tunanuka. Sisi tuliwaambia kwamba hata maji ya kunawa uso wanachotewa. Waingereza walikaa nje ya lango letu miezi minne katika vita vile virefu vya enzi za kale, wasiingie. Ubao ambao mji umewawekea wageni unasema miezi sita. Ni minne. Padri alitufundisha minne na daftari la kanisa linasema minne, nami nilimaliza shule ya msingi na cheti changu kiko ukutani, lakini aliyeandika ubao alimaliza shule kubwa zaidi, basi ni sita.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kawaida, refu kama mkono, limechongwa mstari na chini yake mwaka: 1868. Mstari ule ndipo maji yalipofika. Lilikuwa mita tatu na robo kutoka chini, karibu na paa la banda, na kila mama wa Mtaa wa Ngozi alimwonyesha mwanawe angalau mara moja: tazama pale, pale juu, na babu wa babu yako alikuwa juu ya paa akipiga mayowe.

Firmin alikuwa mfanyakazi wa mji. Alifagia, alizibua mitaro, alijenga kuta zilizobomoka. Mikono yake ilijua mawe, kwa kuwa babu yake alikuwa mwashi na alimfundisha kushika tindo kabla hajajua kushika kijiko vizuri. Meya wetu, Bwana Delbreil, alikuwa mpya na ana haraka, akitaka Montarzac iingie kwenye orodha ya miji mizuri ya kutembelewa.

"Firmin," alimwambia pale pale mbele yangu, "jiwe lile liko juu mno. Wageni wanavunjika shingo. Lishushe usawa wa macho, wapige nalo picha."

"Bwana Meya, liko pale kwa sababu maji ndiko yali..."

"Maji gani? Mwaka huu umeona maji?"

"Hapana."

"Mwaka jana?"

"Hapana, lakini..."

"Basi shusha. Saa sita nataka pawe safi."

Akalishusha. Palipobaki tundu akapachika jiwe jingine, akaziba kwa chokaa vizuri hata huwezi kujua. Lile la 1868 likakaa mita moja na nusu kutoka chini. Mgeni wa kwanza kupiga nalo picha alikuwa Mbelgiji, akaliwekea kofia juu.

Mchana ule, kupitia ukuta tunaogawana, nilimsikia mama yake Firmin, Albertine. Mwanamke yule hakuwa na sauti ya chini.

"Umefanya nini, mpumbavu wewe?"

"Nimehamisha jiwe tu, mama."

"Jiwe? Umehamisha mto! Leo umeandika ukutani kwamba babu yangu mkubwa alikwea paa akikimbia maji ya kifuani."

Kisha nikasikia divai ikimiminwa kwenye supu iliyobaki bakulini, ndivyo wanaume wetu wanavyomaliza supu, na Firmin akainywa. Kesho yake akaenda ofisini kwa meya kuomba alirudishe.

"Tungoje wageni wa kiangazi waishe," akaambiwa.

Wageni hawakuisha. Tuliingia kwenye orodha ile, na tangu hapo hata mkate umebadilika kuwafuata wageni. Firmin aliuliza vuli, akauliza masika, akauliza tena. Halafu mwaka 1991 ikaja barua kutoka ofisi ya majengo ya kale: banda la kufulia limewekwa chini ya ulinzi wa serikali, na ukuta wake usiguswe bila kibali. Wenzangu wa kufua walishangilia. Firmin alikaa kwenye ukingo wa birika la kufulia akashika kichwa.

"Dada Eulalie," aliniambia, "kulishusha sikuombwa hata kipande cha karatasi. Kulipandisha nitaombwa za kujaza toroli."

Hakukosea. Ofisi ile ilimtuma bibi mmoja mwenye jalada, aliyekuja baada ya barua ya sita ya Firmin. Alikuwa mtu wa adabu, na nadhani hilo ndilo lililonikera zaidi. Alipima jiwe, akapiga picha, akaandika.

"Bwana Castagnol, sisi tunalinda ukuta kama tulivyoukuta. Tumelikuta jiwe likiwa hapa."

"Mlilikuta hapa kwa sababu mimi nililiweka hapa!"

"Una ushahidi wa mahali pa zamani?"

"Mikono hii."

"Ninamaanisha picha, mzee wangu. Au mchoro."

Picha nilikuwa nayo mimi. Mama yangu na wenzake wanane mbele ya ukuta ule ule, mwaka 1934, wamekunja mikono wakimkodolea mpiga picha macho. Lakini mpiga picha aliikata juu kidogo ya vichwa vyao. Laiti angerudi nyuma hatua mbili! Hata hivyo nilimletea yule bibi, nikaweka kidole begani pa mama.

"Jiwe lako lipo hapa leo, sivyo? Karibu na bega hili. Kwenye picha liko wapi?"

"Halipo."

"Basi! Lilikuwa juu."

Akatabasamu kwa huruma. "Madam, kutoonekana si ushahidi wa mahali. Huenda lilikuwa ukuta mwingine. Huenda halikuwepo kabisa."

Nilirudisha picha kwenye mkoba. Nimelea watoto watano na kumzika mume, na sijawahi kutaka kumpiga mtu kofi kama siku ile.

Firmin akaendelea kuandika. Kila Januari aliandika barua ya rejista, na kila mwaka, kabla ya Pasaka, likaja jibu kwamba jalada linashughulikiwa. Mji ukamchoka. Akiingia mkahawani walimpokea kwa kelele.

"Nuhu huyo! Safina imefika wapi?"

"Tuwekee nafasi, Nuhu. Mimi na mbuzi wangu wawili."

"Mbuzi nitawachukua," alijibu siku moja, "wana akili." Wakacheka, naye hakucheka. Mkewe alimwambia aache, watoto wake wakaona aibu, wakahamia mji mkubwa, na kwenye simu waliuliza habari za bustani tu.

Mnamo 2011 halmashauri iliamua kujenga nyumba ya wazee. Kilimani hapakuwa na nafasi, barabara ni za punda. Wakachagua uwanda wa Mtaa wa Ngozi, mita hamsini kutoka banda la kufulia. Alikuja mhandisi kijana, akapima jiwe la mafuriko, akachora nyumba ambayo sakafu yake ilipita mstari wa 1868 kwa shibiri moja. Mchoro ukabandikwa kwenye ukumbi wa mji, tukaitwa kuutazama.

Firmin alikuwa amestaafu karibuni. Alisimama amevaa koti la harusi.

"Sakafu hiyo mmeipima kwa jiwe. Jiwe linasema uongo, na mimi ndiye niliyelifundisha kusema uongo. Ongezeni mita mbili, au msijenge."

Mhandisi akageuka kwa meya. Delbreil, kichwa kimeshakuwa cheupe, akaweka mkono kifuani kama mtu anayeonea huruma mgonjwa.

"Firmin, rafiki yangu. Kila mtu ana neno lake la uzeeni. Wewe una jiwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasimama nami nikasema nililiona jiwe likishushwa kwa macho yangu. Mtu wa nyuma akasema, "Shuka zilikuwa zimekuziba macho, Mama Eulalie." Wakacheka zaidi. Na Delbreil, aliyetoa amri ile kwa kinywa chake mwenyewe, alinitazama nikaona hakumbuki. Hakuwa akidanganya. Alikuwa amesahau kabisa, na mtu aliyesahau humwezi.

Nyumba ikajengwa, ikapakwa rangi ya maziwa. Miaka mitatu baadaye Albertine akavunjika nyonga, ngazi za nyumba yao zikamshinda, na kitanda pekee kilichopatikana kwa mwendo wa kilomita arobaini kilikuwa pale, chumba namba tatu, chini. Firmin aliomba chumba cha ghorofani. Akaambiwa vya ghorofani ni vya wanaoweza kutembea. Siku ya kumhamisha mama yake alisukuma kiti cha magurudumu kupita mbele ya banda la kufulia, na nilimwona hageuki kulitazama jiwe, amekaza shingo kama ng'ombe wa nira.

Tangu hapo kila mvua ikinyesha Firmin alikuwa ukingoni mwa mto na fimbo aliyoichonga alama za kupimia maji.

Mwezi wa kumi na moja, 2018, ilinyesha siku nne. Ya tano ilikuwa Jumanne ya soko, na saa mbili asubuhi Firmin alipita katikati ya meza za jibini akikimbia, mtu wa miaka sitini na minane, akipiga kelele yaletwe matrekta. Wengine walimwita Nuhu kwa mazoea, lakini sauti iliwakatikia, maana maji yalikuwa yameshaingia uchochoro wa chini. Wakulima walikwenda na matrekta, wazima moto wakaja, wakawatoa wazee kumi na mmoja wa vyumba vya chini, maji magotini. Albertine alibebwa mgongoni na kijana wa zimamoto, akimpigia kelele sikioni.

"Polepole, mwanangu! Mimi si gunia la viazi! Na mwambieni meya nimelowa!"

Hakufa mtu. Lakini piga hesabu mwenyewe, kama Firmin alivyopiga usiku na mchana baada ya hapo: maji yale yalifika mita mbili na kidogo. Yangekuwa ya 1868 yangefika tatu na robo, na mtu aliyelala kitandani chumba namba tatu angekuwa chini yake.

Tulidhani sasa wataelewa. Badala yake Delbreil alikwenda kwenye banda la kufulia na mwandishi wa gazeti, akaonyesha alama ya matope iliyopita juu ya jiwe. Gazeti likaandika: mafuriko makubwa kuliko yote katika historia ya Montarzac, yamepita hata yale ya 1868, hakuna binadamu angeweza kuyatarajia. Firmin alilisoma jikoni kwangu. Hakupiga meza wala hakutukana. Alilikunja likawa dogo, dogo zaidi, mpaka halikunjiki tena.

"Sasa uongo wangu umezaa," akasema.

Meya akaomba kibali cha kuchonga alama ya mafuriko mapya. Kibali kikaja baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Firmin alikuwa amengoja miaka ishirini na minane. Na kwa kuwa katika mji wote hapakubaki mwingine anayejua kuchonga herufi kwenye jiwe, Delbreil akaja kugonga mlango wa Castagnol, kofia mkononi.

"Firmin, tusahau ya zamani. Hii ni heshima."

"Nionyeshe karatasi."

Akaisoma yote, na mihuri. Akaniletea niisome nami, kwa sababu ya cheti changu. Iliruhusu alama moja ya mafuriko, ichongwe kwa mkono na mwashi anayefaa, kwenye ukuta wa mashariki wa banda la kufulia. Mwaka haukutajwa. Kimo hakikutajwa.

"Nimesoma sawa?" akaniuliza.

"Umesoma sawa."

Alianza mapema siku ya pili, mwezi wa tatu tena, ngazi ile ile. Alipanda akapita jiwe, akapita alama ya matope, akaendelea kupanda. Kule juu aligonga kwa nyundo mpaka akalipata jiwe alilolipachika mwenyewe ujanani, akafuta chokaa, akatoa tindo la babu yake. Meya alifika saa nne na mwandishi wake wa gazeti.

"Firmin! Mbona huko? Maji hayakufika huko!"

"Yalifika."

"Lini?"

Firmin alikuwa anamalizia nane ya mwisho. Delbreil akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtoto. Alama ya 1868 juu, alama ya 1868 chini.

"Sasa ziko mbili! Watu watauliza!"

"Wakiuliza, waletwe kwangu. Nyumba ya pili baada ya lango."

"Ifute!"

"Ukuta umelindwa, Bwana Meya. Kufuta kunahitaji kibali."

Mwandishi alikuwa kijana lakini si mjinga. Alitazama juu, akatazama chini, akageukia nyumba ya wazee yenye rangi ya maziwa, akabaki akiitazama. Kisha akamuuliza Firmin, si meya, kama angeweza kumweleza tangu mwanzo.

Wazee wa vyumba vya chini wamehamishiwa shule ya zamani, juu karibu na kanisa. Albertine analalamika kengele inamwamsha. Alama ya mafuriko mapya bado haijachongwa, maana kibali kilikuwa cha moja, na moja imekwisha. Delbreil ameomba kibali kingine. Jalada linashughulikiwa.